Betri nne za sola chini ya ngazi zinaungwaje?

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024 uliwapeleka wakazi wengi wa Dar es Salaam Kariakoo kutafuta betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024 mgao ukapungua, lakini betri hazikurudishwa dukani. Umeme bado hukatika kwa nguzo iliyoanguka, transfoma iliyopasuka au mvua ya usiku mmoja. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Sinza, Tabata au Mbagala hazina chumba cha ziada cha mitambo, betri huishia chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa stoo, au ndani ya kabati ambalo seremala alilichonga kwa vipimo vya kukisia.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Fundi wa kwanza anasema ziungwe paraleli "upate nguvu kubwa". Wa pili anasema sirizi. Wa tatu anauliza inveta yako ni ya volti ngapi, na huyo wa tatu ndiye wa kumsikiliza.

Maneno yenyewe kwanza

Chukua simtanki ya lita 1,000. Ukiiweka chini, maji ya bomba yanajivuta. Ukiipandisha juu ya mnara, bomba lilelile linarusha maji. Maji hayajaongezeka hata tone, kilichoongezeka ni msukumo. Volti ni huo msukumo. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja. Wati ni kazi inayofanyika, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Ampea-saa, ile 200Ah iliyoandikwa ubavuni mwa betri, ni ujazo: betri hiyo imeundwa kutoa ampea 10 kwa saa 20, yaani ampea-saa 200.

Kuunga sirizi ni kupandisha simtanki moja juu ya nyingine: chanya ya betri moja inafungwa kwenye hasi ya inayofuata, na volti zinajumlishwa. Kuunga paraleli ni kuzipanga chini zote na kuziunganisha kwa bomba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ujazo unajumlishwa, kimo kinabaki palepale.

Sasa chukua betri nne za volti 12, ampea-saa 200 kila moja. Zote paraleli ni volti 12 na ampea-saa 800. Mbili mbili sirizi, kisha jozi hizo paraleli, ni volti 24 na ampea-saa 400. Zote sirizi ni volti 48 na ampea-saa 200. Zidisha popote utakapo, jibu ni lilelile: wati-saa 9,600. Hakuna muungano unaokupa nguvu zaidi ya mwingine. Betri za risasi, ziwe za maji au za jeli, hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni kama 4,800. Friji, feni, taa na televisheni vikila wastani wa wati 300, hiyo ni kama saa 14, ukishatoa kinachopotea ndani ya inveta.

Kama nguvu ni ileile, ubishi ni wa nini? Ni wa waya.

Joto linakotoka

Inveta inayosukuma wati 2,000 kutoka kwenye volti 12 hunyonya ampea kama 185, ukihesabu na upotevu wake. Kwenye volti 24 hunyonya kama 93. Kwenye 48 ni 46 tu. Na joto ndani ya waya halipandi sawa na ampea, linapanda kwa kipeo cha pili: ampea zikiongezeka mara nne, joto linaongezeka mara kumi na sita.

Tuone kwa namba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mita moja kwenda na moja kurudi. Ukipitisha ampea 185, wati 75 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 75 ndani ya kabati na kufunga mlango. Waya huohuo ukipitisha ampea 46, joto halifiki wati 5.

Mahali palipobana, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza kufanya. Mfumo wa volti 12 wa wati 2,000 unataka waya wa milimita za mraba 70 au zaidi, mnene kama kidole gumba, mgumu kukunja. Ndani ya kabati lenye kina cha sentimita 60 waya wa namna hiyo hauna pa kupindia. Unabaki kama mtarimbo, unasukuma kichwa cha betri, pale waya unapofungwa, kwa pembeni mchana kutwa, na baada ya miezi nati inalegea au mzizi wa kichwa unapata ufa. Volti 24 inatosheka na milimita 35. Volti 48 inatosheka na 16, waya unaotii mkono.

Kwa hiyo kipimo cha mafundi wengi wazoefu ni hiki: hadi wati 1,000, volti 12 inatosha, kati ya 1,000 na 3,000, nenda 24, juu ya hapo, 48. Inveta huchaguliwa kabla ya muungano, maana ya volti 24 haipokei 48. Aliyekwisha kununua inveta ya volti 12 yenye wati 3,000 ananunua na matatizo yake.

Sirizi nayo ina bei yake. Betri nne zikiwa kwenye mnyororo mmoja, moja ikifa nyumba nzima inabaki gizani. Kwenye paraleli zinazobaki zinaendelea, ila ikiwa ile mbovu imekufa kwa shoti ya ndani, wenzake wataimiminia umeme mpaka ichemke. Ndiyo maana kila mnyororo unaoungwa paraleli unatakiwa uwe na fyuzi yake.

Jozi mbili za volti 24, hatua kwa hatua

Huu ndio muungano unaokutwa zaidi majumbani, na ndio unaokosewa zaidi. Zipe betri majina A, B, C na D. Hasi ya A inafungwa kwenye chanya ya B, hiyo ni jozi ya kwanza. Hasi ya C kwenye chanya ya D, jozi ya pili. Kisha chanya ya A inaungwa na chanya ya C, na hasi ya B inaungwa na hasi ya D.

Sasa waya mbili kuu za kwenda kwenye inveta. Fundi mwenye haraka hufunga zote kwenye jozi ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mlango. Inawaka, mteja analipa, kila mtu anaondoka na furaha yake. Lakini umeme wa jozi ya pili sasa unapita viungo viwili vya ziada, wa jozi ya kwanza haupiti hata kimoja. Jozi ya mbele inafanya kazi kubwa zaidi kila usiku na kupokea chaji kubwa zaidi kila mchana, na ndiyo itakayochoka mapema. Dawa yake haina gharama: chukua chanya kuu kwenye A na hasi kuu kwenye D, kona kwa kona. Kila jozi sasa inapita kiungo kimoja. Ukiwa na minyororo mitatu au zaidi, kona kwa kona haitoshi. Funga basbaa mbili, yaani vipande bapa vya shaba vyenye bolti, na kila mnyororo ufike pale kwa nyaya za urefu uleule, hata kama mmoja uko karibu na ungetosheka na waya mfupi.

Kabla ya kufunga kiungo cha mwisho kati ya jozi mbili, weka mita ya kupimia volti. Hasi ya B na ya D zikiwa zimeshaungwa, gusa chanya ya A na ya C. Mita isome karibu na sifuri. Ikisoma karibu volti 50, jozi moja imegeuzwa, na kile kiungo kingekuwa shoti ya maelfu ya ampea. Kazi ya sekunde kumi.

Na kabla ya hayo yote, kila betri ijazwe chaji peke yake, ipumzike saa kadhaa, ndipo ipimwe. Betri ya risasi iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Zikitofautiana zaidi ya 0.1, usiziunge bado. Usichanganye mpya na ya zamani, wala 200 na 150.

Kosa jingine la mfumo wa 24: kuchomoa volti 12 katikati, kwenye betri moja tu, kwa ajili ya redio au taa za uani. Ile moja itakuwa na njaa daima na mwenzake atashiba kupita kiasi, kwa sababu chaja inaona jumla tu. Nunua kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, nacho kifungwe kwenye jozi nzima.

Kuzipanga kwenye nafasi iliyopo

Betri ya jeli ya ampea-saa 200 ina urefu wa kama sentimita 52, upana 24 na kimo 22, na uzito wa karibu kilo 60. Nne ni kilo 240, kwa hiyo rafu ya mbao isahau. Chini ya ngazi penye sentimita 120 kwa 60, mbili zinakaa kichwa kwa kichwa na nyingine mbili nyuma yake, na nafasi ya sentimita mbili kati ya kila betri na jirani yake: jumla 106 kwa 50. Hizo sentimita mbili ni njia ya hewa, usizijaze. Juu ya vichwa acha angalau sentimita 25 ili spana izunguke bila kugonga zege la ngazi.

Geuza betri moja katika kila jozi ili chanya yake itazamane na hasi ya mwenzake. Viungo vinakuwa vifupi kama shubiri, na waya mfupi ni joto dogo. Hatari yake ni kwamba vichwa vinavyopingana sasa viko karibu, na spana moja ikianguka inavigusa vyote viwili. Zungushia mpini wa spana tepu ya umeme uache mdomo tu, vua pete na saa, na kila kichwa ulichomaliza kikifunike kwa kofia ya mpira kabla hujagusa kinachofuata. Betri ya ukubwa huu ikipigwa shoti hutoa ampea zaidi ya elfu tatu. Pete ya ndoa inageuka nyekundu kidoleni kabla hujasema "ah".

Inveta isikae ndani pamoja na betri. Ifungwe ukutani nje ya kabati, umbali wa mita moja au moja na nusu. Feni yake inatoa joto, na betri za maji zinatoa mvuke wa asidi unaokula bodi zake.

Lagi, nati na kile kipete cha chuma

Hapa ndipo mifumo mingi inapoungulia, na hapaonekani kwa macho. Kiungo kibaya chenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu, kitu kidogo kisichosomeka hata kwa mita ya kawaida, kikipitisha ampea 185 kinazalisha wati 34 mahali pamoja. Hilo ndilo joto la kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi. Na kichwa cha betri ni risasi.

Lagi, ile shaba inayovishwa ncha ya waya, ibanwe kwa mashine ya haidroli yenye taya la ukubwa wake. Kuigonga kwa nyundo kunaacha hewa katikati ya nyuzi. Ukimaliza, ivute kwa nguvu zako zote. Ikitoka, afadhali imetoka leo.

Mpangilio wa kufunga ni huu: lagi ikae moja kwa moja juu ya kichwa cha betri, shaba juu ya risasi. Juu yake wosha bapa, juu yake wosha ya springi, kisha nati. Watu wengi huweka wosha chini ya lagi, na hilo linalazimisha umeme wote upite kwenye kipete cha chuma kisichopitisha umeme vizuri. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya betri. Risasi ni laini, ukizidisha nguvu unavua nyuzi zake. Baada ya kukaza, na sio kabla, paka mafuta ya mgando juu yake. Kwa nyumba za Msasani, Kigamboni au Mbweni, ambako hewa ina chumvi ya bahari, hilo lisirukwe.

Na waya wenyewe: kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa nje, zinauzwa bei ya kuchekesha. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache dukani. Waya laini wa mashine ya kuchomelea, wenye nyuzi nyembamba nyingi za shaba tupu, unafaa sana mahali finyu.

Fyuzi inalinda nini?

Wengi hudhani fyuzi inalinda inveta, kwa hiyo kubwa ni "salama zaidi, haikatiki ovyo". Fyuzi inalinda waya usiwake moto. Kwa mfano wetu wa wati 2,000: fyuzi ya ampea 250 kwa volti 12, 125 kwa volti 24, na 63 kwa volti 48, alimradi waya uwe wa ukubwa uliotajwa. Ikae kwenye chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Breka ya ukutani, ile ya umeme wa TANESCO, haifai hapa. Umeme wa nyumbani hugeuka mwelekeo na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayozuka breka inapoachia inazimika yenyewe. Umeme wa betri hauna sifuri. Cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki mpaka plastiki iyeyuke. Nunua breka iliyoandikwa DC, yaani ya umeme usiogeuka mwelekeo, yenye volti zinazotosha, na ufuate alama zake za chanya na hasi. Nyingi zina upande, ukizigeuza hazizimi cheche.

Hewa, joto na saruji

Betri za maji zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayowaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Hizo zisiwekwe chini ya ngazi ya ndani, basi. Za jeli zimefungwa, na muuzaji atakuambia "hizi hazitoi kitu". Hutoa, zikichajiwa kupita kiasi. Sababu ya kawaida ni kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, iliyoachwa kwenye mpangilio wa betri za maji: wakati wa kusawazisha, yaani kuzichaji makusudi kwa volti za juu ili zilingane, inapandisha kila betri hadi karibu volti 15, wakati jeli inataka kama 14.1 au 14.2. Weka mpangilio wa jeli, zima kusawazisha. Toboa matundu mlangoni, mstari mmoja chini na mwingine juu kabisa, maana gesi hiyo hupanda.

Matundu hayo yanatoa na joto. Betri za risasi hupimwa kwa nyuzijoto 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Chumba cha Dar mwezi Februari tayari kina nyuzi 30 na ushee, na kabati lililofungwa chini ya bati linapita 40 kirahisi. Betri za lithiamu hazitoi gesi kwa matumizi ya kawaida na ni nyepesi, lakini watengenezaji wengi huweka kikomo cha kuchaji karibu na nyuzi 45, na si zote zinaruhusu kuungwa sirizi. Soma idadi ya betri zinazoruhusiwa kuungwa kwenye kijitabu chake kabla ya kulipa.

Kuhusu sakafu ya saruji "kunyonya chaji": ilikuwa kweli kwa betri za zamani zenye makasha yaliyopitisha unyevu. Kasha la plastiki la leo halina shida hiyo. Bado ziinue kwa tofali mbili, kwa sababu ya masika. Maji yakiingia sebuleni Kigogo au Jangwani hayaulizi betri ni ya aina gani.

Siku ya kuwasha

Betri ziungwe na kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli zitangulie kutoka. Kontrola nyingi hutambua volti ya mfumo kutoka kwenye betri, na paneli zikitangulia zinaweza kuisomesha vibaya au kuiua. Unapogusisha waya wa inveta mara ya kwanza kutaruka cheche: kapasita zilizo ndani yake zinajaa ghafla. Kwenye volti 48 cheche hiyo inachimba lagi, kwa hiyo pitisha kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 60 kwa sekunde chache, ndipo ufunge. Upande wa volti 230 unaoingia kwenye nyaya za nyumba ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA.

Baada ya wiki moja, washa mzigo mkubwa kwa nusu saa, zima, tenganisha, kisha gusa kila lagi kwa mgongo wa mkono. Iliyo moto kuliko wenzake ifunguliwe, isafishwe, ikazwe upya. Baada ya hapo, kila miezi sita, pima kila betri peke yake mzigo ukiwa umewaka. Tatu zikisoma 12.2 na moja 11.6, usinunue moja mpya uipachike katikati ya wazee, itazeeshwa nao. Ondoa jozi yote yenye ile mbovu, punguza mzigo nusu, uendeshe nyumba kwa jozi moja hadi upate fedha za zote nne. Ile nzima iliyotolewa bado ni betri ya volti 12, inatosha taa za uani na kuchaji simu.